Wakubwa Wanapocheza: Krismasi Walthamstow, Mwaka Mpya Leith

Saa kumi jioni haijatimia, na jua limeshazama. Ndivyo London ilivyo mwishoni mwa Desemba. Nilisimama dirishani nyumbani kwa dada yangu, Walthamstow, upande wa mashariki wa jiji, nikitazama taa za barabarani zikiwaka saa ambayo Tanga watu ndio kwanza wanatoka kuswali alasiri. Dada ameolewa huko na anafanya kazi hospitali, amekwisha zoea. Akaniambia nisilitarajie jua tena mpaka saa mbili asubuhi.

"Ndiyo maana sikukuu yao iko ndani ya nyumba, mdogo wangu. Usiku wote huo watu wafanye nini? Wanacheza."

Nilidhani anawasema watoto. Kwetu sikukuu iko nje, na michezo ina wenyewe. Siku ya Idi mtoto huvishwa nguo mpya, akapewa vijisenti vyake vya sikukuu, akaenda zake kiwanjani kwenye pembea na vidoli. Mitaani kuna rede, kuna kombolela, kuna mbio za magunia. Krismasi kwa majirani zetu ni vivyo hivyo: wakirudi kanisani, pilau iko mezani na watoto wako barabarani. Mtu mzima huzunguka nyumba hadi nyumba kutoa mkono wa sikukuu, kisha hukaa barazani akawatazama wanaocheza. Mimi nina miaka arobaini na kitu, na tangu nilipoanza kufuga ndevu sijawahi kuombwa na mtu nicheze.

Niliombwa mapema kuliko nilivyofikiri. Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi kila ofisi huko hufanya tafrija, na dada akanichukua kwenye ya kwao. Kumbe tangu mwanzoni mwa mwezi walikwisha andika majina yao kwenye vikaratasi, wakavitia kofiani, kila mmoja akachomoa kimoja. Jina ulilolichomoa ndiye utakayemnunulia zawadi, na hutakiwi kumwambia mtu. Bei inapangwa mapema, pauni chache tu, asipatikane wa kujionyesha. Siku ya tafrija zawadi zote hurundikwa pamoja, moja moja zinafunguliwa, na mwenye kupewa anajaribu kubahatisha nani kampa.

Kwetu zawadi ya sherehe hutangazwa kwa kipaza sauti: jina la mtoaji, ukoo wake, na alicholeta, kisha vigelegele. Hapa mtoaji anafichwa. Daktari mmoja mkubwa alifungua kifurushi akakuta soksi nyekundu zenye picha za kulungu, akavua viatu pale pale akazivaa, na hadi tunaondoka hakuna aliyejua kama zimetoka kwa daktari mwenzake au kwa mama anayepiga deki. Nilipenda sana jambo hilo. Zawadi ya mwenye nacho na ya asiye nacho zililala kwenye rundo moja, hakuna wa kuzipambanua.

Mkesha wa Krismasi ndipo nilipoduwaa hasa. Ukweni kwa dada walikuja wote: shemeji, ndugu zake na wake zao, watoto, na mama yao, bibi wa miaka themanini na ushei anayetembelea fimbo. Nilimwamkia kwa adabu zote nilizolelewa nazo, mikono miwili na kichwa kikiwa chini. Akanishika mkono, akaniketisha kando yake mezani, akaniwekea dadu kiganjani.

Katikati ya meza palikuwa na sinia. Juu yake kipande kikubwa cha chokoleti ambacho bado kimefungwa karatasi, kisu, uma, kofia ya sufu, skafu na glavu. Dadu inazunguka meza, kila mtu anarusha. Anayepata sita anaruka, anavaa kofia, anajizungushia skafu, anavaa glavu, kisha anaanza kukifungua kile kipande na kukikata kwa kisu na uma, na anachofanikiwa kukikata ndicho chake. Lakini wakati yeye anahangaika na glavu, dadu haijasimama. Mwingine akipata sita, anamvua kofia, anampokonya skafu, na zamu inahama. Mara nyingi mtu hupokonywa hata kidole cha pili cha glavu hakijaingia. Chokoleti iko pale, karatasi imechanika kidogo, meza nzima inapiga kelele za "Sita! Sita!"

Bibi akapata sita. Aliweka fimbo chini, akamvua mjukuu wake kofia kwa mkono mmoja na kuivuta glavu kwa mkono wa pili, na akaikata chokoleti kwa ustadi wa fundi. Nami nilipopata yangu, aliyekuwa amevaa kofia ni yeye. Nikasita. Mama mkwe wa dada yangu, mwenye umri wa bibi yangu, nimpokonye kofia kichwani? Meza yote ikanipigia kelele nifanye haraka, na aliyepiga kubwa zaidi ni yeye mwenyewe, akininamishia kichwa. Nikaichukua. Akacheka mpaka akafuta machozi, na tangu hapo akawa ananiita mwanangu.

Usiku ule nililala nikiwaza habari ya utani. Sisi hatukosi mizaha baina ya watu wazima, ila imepangiwa watu. Babu na mjukuu wana ruhusa, mtu na shemejiye wana ruhusa, Mzaramo na Mnyamwezi wanaweza kutaniana hata msibani na hakuna atakayekasirika. Lakini mtu na mkwewe, hapana, pale kuna heshima na umbali wake. Wale watu hawana utani wa kurithi wa namna yetu. Nilivyoona mimi, mchezo ndio unaowapa ruhusa. Dadu ikishaanza kuzunguka, mzee na mtoto, mwenyeji na mgeni, wote wamekuwa watani, na ikisimama kila mtu anarudi kwenye cheo chake bila kupungukiwa na kitu.

Siku ya Krismasi yenyewe London inanyamaza. Treni za chini ya ardhi hazitembei, mabasi hayatembei, maduka yamefungwa. Jiji la mamilioni ya watu, na nilitembea katikati ya barabara kubwa nikisikia hatua zangu mwenyewe. Maisha yote yameingia ndani.

Chakula kilikuwa mchana: bata mzinga wa kuoka, viazi vya kuoka na vikabichi vidogo vidogo vya ukubwa wa ndimu. Kando ya kila sahani palikuwa na kitu cha karatasi ya kung'aa, kirefu, kimekazwa ncha mbili. Wanakiita kraka. Nilitaka kukifungua, dada akanizuia: kraka haifunguliwi na mtu mmoja. Unapishanisha mikono kifuani, mkono wa kulia unashika kraka yako na wa kushoto unashika ncha ya kraka ya jirani, mpaka meza nzima imeunganika duara. Kisha wote mnavuta. Ndani yake kuna kikaratasi chenye baruti kidogo, kwa hiyo inalia pa! pa! kuzunguka meza, na aliyebakiwa na kipande kikubwa ndiye mwenye vilivyomo: taji la karatasi, kijizawadi kidogo, na karatasi yenye kitendawili cha kuchekesha. Kila mtu anavaa taji lake, na kila mtu lazima asome kitendawili chake kwa sauti. Vitendawili vyenyewe ni vya kitoto kabisa, na shemeji alinieleza kuwa ndivyo vinavyotakiwa viwe, ili asiwepo mezani wa kuachwa nyuma.

Kitu hiki kina historia. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Tom Smith, mtengeneza peremende wa London, katika miaka ya 1840. Aliona Paris peremende zikiuzwa zikiwa zimesokotwa kwenye karatasi, akaleta mtindo huo kwao, na biashara ilipolegea akabuni ule mlio. Mataji ya karatasi yaliongezwa baadaye na mwanawe, Walter. Leo hata maprofesa na mahakimu wa nchi ile wanakula chakula cha Krismasi wakiwa na taji la karatasi kichwani, na wala hawalivui mpaka jioni.

Saa tisa alasiri mchezo ulisimama. Televisheni ikafunguliwa, Mfalme akahutubia. Desturi hii ilianza redioni mwaka 1932 kwa Mfalme George wa Tano, na kwenye televisheni mwaka 1957 kwa Malkia Elizabeth. Hotuba ni fupi, na bibi aliisikiliza ameketi wima, taji lake la karatasi likiwa limekaa sawasawa. Ilipokwisha, meza ikasafishwa na sebule ikapangwa upya, viti pembeni.

Walianza na mchezo wa kuigiza bila kusema, ambao wenyewe huuita sharadi. Unapewa jina la kitabu, filamu au wimbo, unasimama mbele ya watu, na kinywa hakina ruhusa. Ishara ziko tayari na kila mtu anazijua tangu utotoni. Ukizungusha mkono kando ya sikio, ni filamu, maana kamera za zamani zilizungushwa kwa mkono. Ukifumbua viganja viwili, ni kitabu. Idadi ya vidole ni idadi ya maneno, na ukivuta ndewe ya sikio, maana yake neno linalotafutwa linafanana kwa sauti na hilo utakaloliigiza. Shemeji, mtu mkimya ambaye tangu nifike hatukuwa tumezungumza maneno mengi, alilala sakafuni akawa nyangumi. Sikuamini. Nikagundua kuwa mtu yule ana maneno mengi mwilini, alikuwa anangoja tu kukatazwa kusema.

Kisha ukaja mchezo wa ndiyo na hapana: mmoja anawaza kitu, wengine wanamuuliza, naye hajibu ila maneno hayo mawili mpaka wamkamate. Bibi akaniambia mchezo huu ni wa zamani, umo katika kitabu cha Charles Dickens, *A Christmas Carol*, kilichotoka mwaka 1843. Nilikitafuta baadaye, nikaona kweli. Katika karamu ya mpwa wa yule bahili Scrooge, wageni wanacheza mchezo wa kufungwa macho, kisha wanacheza ndiyo na hapana. Familia ya Walthamstow ilikuwa ikicheza michezo ya babu wa babu zao, na kama hawangeniambia ningefikiri imebuniwa jana.

Wa mwisho ndio uliokuwa mtamu kuliko yote. Kombolela naijua: mmoja anatafuta, wote wanajificha. Wao wameigeuza. Mmoja anajificha, wote wanatafuta, na taa za nyumba zinazimwa. Ukimkuta huinui sauti, unajibanza naye hapo hapo alipo, kimya. Anayefuata naye anajibanza, na anayefuata, mpaka anabaki mtafutaji mmoja anayezurura peke yake kwenye nyumba iliyohamwa. Ni bibi aliyejificha. Nilipapasa ukuta, nikapanda ngazi nikashuka, nikasikia pumzi zikibanwa mahali. Nyumba zao nyingi zina kabati chini ya ngazi, wanapoweka makoti na fagio. Nikafungua, mkono ukanivuta ndani. Bibi ameketi kwenye kigoda, wajukuu wamemzunguka, shemeji amekunja shingo chini ya mbao za ngazi, dada amebanwa na makoti. Tulishindiliwa kama abiria wa daladala ya jioni, mwenye cheo na asiye na cheo, na kondakta bado anasema nafasi ipo. Aliyebaki nje alikuwa mke wa ndugu wa shemeji, tunamsikia akiita majina yetu chumba kwa chumba, nasi tunatetemeka kwa kicheko tulichokizuia. Sijui tulikaa humo muda gani. Nililelewa kuwa mkwe huachiwa njia apite, na pale nilikuwa nimekaa sakafuni, goti la mkwe wa dada yangu begani mwangu, na hakuna heshima hata moja iliyovunjika.

Siku iliyofuata, tarehe 26, nayo ni sikukuu, lakini ni ya kunyoosha miguu. Tulitembea msitu wa Epping, miti haina jani hata moja, matope hadi juu ya viatu, na kila tuliyepishana naye alitusalimia, jambo ambalo London si la kila siku.

Siku chache baadaye dada na shemeji wakanipandisha treni kituo cha King's Cross kwenda Edinburgh, saa nne na nusu hivi za safari kuelekea kaskazini. Ukivuka mto Tweed pale Berwick, juu ya daraja la mawe lililofunguliwa mwaka 1850, bahari iko kulia kwako, na muda si mrefu unaingia Uskoti. Shemeji akaniambia nimeshaingia nchi nyingine yenye sikukuu nyingine. Baada ya mageuzi ya dini, viongozi wa kanisa la Uskoti waliipiga vita Krismasi kwa kuwa hawakuiona katika Maandiko, na mwaka 1640 bunge lao likayafuta mapumziko yake. Tarehe 25 Desemba haikuwa sikukuu ya taifa huko mpaka mwaka 1958. Furaha yote iliyozuiwa Krismasi ikahamia usiku wa kuamkia mwaka mpya, ambao wanauita Hogmanay, na hadi leo tarehe 2 Januari pia ni siku ya mapumziko Uskoti.

Tulifikia Leith, bandari ya Edinburgh, kwa marafiki wa shemeji, na usiku wa mwaka mpya tukaenda kwenye ukumbi wa mtaa. Ngoma yao ya pamoja huitwa keili. Wanaume wengi walivaa sketi za sufu za mirabamiraba, ambalo kwao ni vazi la heshima. Jukwaani nikaona kodiani na fidla, nikajiona niko Unguja kwenye taarabu, mpaka walipoanza kupiga, kasi yake ikanitoa usingizini.

Uzuri wa keili ni kuwa huhitaji kuijua. Kabla ya kila ngoma, mtu mmoja jukwaani anawafundisha watu hatua polepole, kisha muziki unaanza naye anaendelea kuita: shikaneni mikono, zungukeni kushoto, rudini kulia. Ngoma moja, Dashing White Sergeant, huchezwa na watu watatu wakiwatazama watatu wengine. Nilikuwa kati ya dada na kijana mmoja wa shule. Mnazunguka duara, mnapindana, mnasogea mbele mkipiga miguu, kisha kundi moja linainua mikono, jingine linapita chini yake, na mbele yenu mnakuta watatu wapya. Mnaanza tena nao. Ilipokwisha nilikuwa nimeshikana mikono na karibu nusu ya ukumbi: wazee, wasichana, mhudumu wa baa, watoto waliopitishwa saa zao za kulala. Iliyofuata, Strip the Willow, ni ya kurushana mkono kwa mkono kwenye mstari mrefu, na pale nilimwona mzee mwenye mvi tupu akimzungusha mkewe kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

Saa sita usiku ilipogonga, duara moja likajaa ukumbini, tukaimba *Auld Lang Syne*, wimbo ambao Robert Burns aliuandika mwaka 1788 akisema ameupata kwa mzee mmoja. Ubeti wa mwisho unapofika ndipo mikono inapopishanishwa kifuani, kama tulivyofanya na kraka, na duara linakimbilia katikati na kurudi.

Nilifikiri yamekwisha. Tuliporudi nyumbani, mwenyeji wetu akanizuia mlangoni. Wao huamini kuwa mguu wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita ndio unaoleta bahati ya mwaka, na mguu bora ni wa mwanamume mwenye nywele nyeusi, asiye wa nyumba hiyo, asiyeingia mikono mitupu. Wakatazamana, wakanitazama mimi. Wakanipa kipande cha makaa ya mawe, nyumba isikose moto, na pakiti ya biskuti za siagi, isikose chakula. Chupa ya wiski, ambayo nayo ni desturi, akaibeba mwingine. Wenzangu wote wakakaa nje kwenye baridi, nikapiga hodi peke yangu, nikafunguliwa na mama wa nyumba aliyekuwa akinisubiri, nikaingia. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikutegemea kuyakuta hayo Leith, yakitendwa na watu waliosimama kwenye theluji nyembamba wakiningoja mimi nitangulie.

Nimerudi Tanga, na kwa maoni yangu watu wale wametupita katika jambo hili moja. Sisi tunawazidi kwa kutembeleana, na mlango wetu hauhitaji miadi. Lakini wazee wetu tunawaketisha barazani tukawapelekea biriani na kuwaacha watazame, kana kwamba kucheka ni kazi ya vijana. Michezo tunayo, na haigharimu kitu. Idi hii, au Krismasi kama ndiyo yako, watu wakishakula weka sinia katikati ya mkeka. Chokoleti itayeyuka kwa joto letu, weka kashata ngumu, kisu na uma, kofia na kilemba, na glavu unaweza kuazima kwa mwenye pikipiki. Tafuta dadu. Na wa kwanza kumpa airushe awe bibi.